Anaongea Nyumbani, Shuleni Hatoi Sauti: Watoto wa Aina Hii ni Wangapi?

Mwulize mwalimu wa darasa la kwanza ni watoto gani wanaomsumbua, atakutajia majina bila kufikiri. Mwulize ni mtoto gani ambaye hajawahi kuisikia sauti yake tangu shule ifunguliwe, naye itabidi atulie, apitishe macho dawati kwa dawati, na huenda akashangaa kugundua kwamba yupo mmoja. Mtoto huyo hapigi kelele, hagombani na mtu, daftari lake ni safi, akiitwa husimama. Ila hasemi. Mama yake ukimwuliza, atakwambia kwamba nyumbani hanyamazi: anasimulia, anaimba, anawaamrisha wadogo zake, anabishana mpaka usingizi umchukue.

Hali hii wataalamu huiita ukimya teule. Swali la kwanza la wazazi na walimu wanapoisikia ni lilelile: ni jambo la nadra, au watoto hawa wapo wengi? Kwa kifupi, katika madarasa ya chini ya shule ya msingi tafiti nyingi hupata chini ya mtoto mmoja katika kila 100, na takwimu inayotajwa zaidi ni mtoto mmoja katika kila 140. Lakini ukizipanga tafiti zenyewe pamoja utaona jambo la kushangaza. Mmoja umepata karibu watoto wawili katika kila 100, mwingine umepata watatu katika kila 10,000. Hiyo ni tofauti ya karibu mara sitini. Wapo wanaoiona tofauti hiyo na kuamua kwamba takwimu zote hazina maana. Mimi naona kinyume chake: ukielewa kwa nini zinapishana, utakuwa umeielewa hali yenyewe, na utajua wapi pa kumtafuta mtoto ambaye hawezi kukuambia kwamba ana shida.

Anayehesabiwa ni nani?

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, unaojulikana kwa herufi DSM, unaweka masharti kadhaa. Mtoto awe anashindwa kila mara kuzungumza mahali fulani anapotarajiwa kuzungumza, hasa shuleni, ilhali kwingine anazungumza. Hali hiyo iwe imedumu angalau mwezi mmoja, na mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi. Iwe inamkwaza katika masomo au katika kuhusiana na watu. Isiwe inatokana na kutoijua lugha inayotumika mahali pale, wala isiwe inaelezeka vizuri zaidi kwa tatizo jingine kama kigugumizi au usonji.

Neno zito katika masharti hayo ni "anashindwa". Ilichukua zaidi ya karne moja kulifikia. Mwaka 1877 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza watu wenye uwezo wa kusema wasiosema, na akaichukulia kuwa ni hiari yao. Mwaka 1934 Moritz Tramer, daktari wa akili za watoto nchini Uswisi, aliipa hali hiyo jina lililobakiza wazo lilelile kwamba mtoto ameamua. Mwaka 1994 ndipo DSM ilipobadilisha jina hilo ili kuondoa dhana ya ukaidi, na mwaka 2013 ikaihamishia hali hii katika kundi la magonjwa ya wasiwasi. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka katika kundi hilo kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Hii si historia tu ya makabrasha ya madaktari. Mtoto anayedhaniwa mkaidi huadhibiwa. Mtoto anayedhaniwa ana hofu hupelekwa kwa mtaalamu. Wa kwanza haingii katika hesabu yoyote.

Na kwamba ni hofu, ushahidi ni mwingi. Mwaka 2020 watafiti walizikusanya tafiti 22 zenye watoto zaidi ya 800 waliothibitishwa kuwa na ukimya teule, wakakuta kwamba watoto wapatao asilimia 80 walikuwa pia na tatizo jingine la wasiwasi, na lililoongoza, kwa asilimia 69, ni hofu ya kuwa mbele ya watu. Ukimwangalia kwa makini mtoto mwenyewe anapoulizwa swali, utayaona: mabega yanakaza, uso unakuwa kama umegandishwa, macho yanatafuta pa kukimbilia. Sauti haitoki, hata pale anapotamani itoke. Wengine, wakishakuwa wakubwa, husimulia kwamba jibu walikuwa nalo mdomoni na walitaka sana kulisema.

Hesabu ileile, majibu tofauti

Sababu ya kwanza inayozipishanisha takwimu ni wakati. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 kuhusu watoto wa miaka mitano wapatao 6,000 katika jiji la Birmingham, Uingereza, uliwafuatilia tangu walipoanza shule. Baada ya wiki nane, watoto kama saba katika kila 1,000 walikuwa bado hawajasema kitu shuleni. Mwaka mmoja na ushei baadaye walikuwa wamebaki chini ya mmoja katika kila 1,000. Kwa hiyo anayehesabu katika muhula wa kwanza na anayehesabu mwaka unaofuata, katika shule zilezile, hawatapata jibu moja, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Nataka kukaa kidogo kwenye utafiti huu kwa sababu husomwa vibaya. Wengine huuchukua kama kibali cha kungoja: kama wengi waliongea wenyewe, kuna haja gani ya kuhangaika? Lakini kunyamaza kwa wengi wa watoto wale kulikuwa kwa mgeni anayezoea mahali papya. Wapo waliobaki kimya hata baada ya hapo, na katika wiki ya nane hakuna anayeweza kumtazama mtoto kwa macho tu akajua yupo kundi gani. Anayengoja bila kufanya lolote anambahatisha mtoto wa mwenzake.

Sababu ya pili ni nani anayeulizwa. Takwimu ile ya mmoja katika 140 inatoka eneo la Los Angeles, Marekani. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya kuwauliza walimu wa chekechea, darasa la kwanza na la pili kuhusu watoto 2,256, na 16 kati yao walilingana na vigezo, yaani asilimia 0.71. Walimu walifaa kuulizwa kwa sababu wao ndio huwa na mtoto pale mahali anaponyamaza. Daktari anayekutana naye kwa nusu saa hawezi kujua kama kimya chake ni cha kila siku au ni cha siku hiyo.

Hata hivyo, jicho la mwalimu nalo lina mipaka. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2008 ulihusu watoto zaidi ya 64,000 wa chekechea hadi darasa la tatu. Kwa maelezo ya walimu, asilimia 0.83 walikuwa na ukimya teule, karibu sawa na Los Angeles. Wataalamu walipowatembelea shuleni watoto waliotajwa, asilimia ikaporomoka hadi 0.033. Wale wengine walikuwa nani? Mtu anaweza kudhani kwamba walimu walikosea. Sioni hivyo. Mwalimu aliulizwa ni nani hazungumzi darasani, akajibu. Mtaalamu aliuliza ni nani anatimiza kila sharti la utambuzi, naye akajibu. Mtoto mwenye haya kupita kiasi, anayejibu neno moja kwa mwezi, anaachwa na orodha ya pili, lakini bado amekaa darasani akiwa amebeba hofu ileile kwa kipimo kidogo zaidi.

Upande wa juu kabisa upo utafiti wa Finland wa mwaka 1998 kuhusu watoto wa darasa la pili, uliopata karibu asilimia 2. Huo ulitumia toleo la zamani la mwongozo wa DSM, ambalo halikudai hali iwe imedumu mwezi mmoja wala kwamba iwe inamkwaza mtoto. Ukipanua wavu, samaki wanaongezeka.

Umri nao una nafasi yake. Dalili huanza mapema sana, kwa kawaida kati ya miaka miwili na mitano, ila hazionekani mpaka mtoto akutane na mahali ambapo watu wasiomjua wanamtaka aseme, na mahali hapo kwa wengi ni shule. Ndiyo maana tafiti za madarasa ya chini hupata wengi. Utafiti wa Gothenburg, Sweden, wa mwaka 1997, uliojumuisha watoto wa miaka 7 hadi 15, ulipata asilimia 0.18, na Ireland, katika shule za msingi, ilipatikana asilimia hiyohiyo mwaka 2012. Ukichanganya madarasa yote, wale wachache wa chini humezwa na wengi wa juu.

Lakini nina wasiwasi na takwimu za wakubwa. Mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye amekuwa kimya tangu chekechea huwa amejifunza kujificha. Anajibu "ndiyo" na "hapana" kwa sauti ya chini, anacheka pale wenzake wanapocheka, anachagua kiti ambacho mwalimu hakifikii kwa macho. Dodoso likimfikia mwalimu, atajaza kwamba mtoto anazungumza. Na hata kwa wadogo kuna kosa linalofanana na hilo: mtoto anayemnong'oneza rafiki mmoja mapumzikoni huandikwa kuwa hana tatizo, wakati kunong'ona kwa mtu mmoja ni njia ya kawaida kabisa ya ukimya teule kujionyesha. Ukimya huu una ngazi. Yupo anayeongea na wenzake lakini si na mtu mzima yeyote, yupo anayeongea na mama yake getini hadi mwalimu anapojitokeza, na yupo asiyetoa hata sauti ya kukohoa. Fomu yenye swali moja la "anaongea au haongei" itawapoteza wengi wao.

Lugha mbili na makosa mawili

Sababu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni lugha. Utafiti wa Israel uliochapishwa mwaka 2003 ulipata asilimia 0.76 kwa watoto kwa jumla, lakini kwa watoto wa familia za wahamiaji ilikuwa asilimia 2.2. Utafiti wa Toronto, Kanada, ulikuwa umeona mwelekeo huohuo tangu mwaka 1975. Kwa nini?

Mtoto anayeingizwa katika lugha ngeni huwa na kipindi cha kimya. Anasikiliza, anakusanya maneno, haongei mpaka ajiamini. Kipindi hicho ni cha kawaida, wala si ugonjwa. Kosa la kwanza, basi, ni kumwita mgonjwa mtoto anayejifunza lugha. Kosa la pili ni kinyume chake, na kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza wengi zaidi popote pale ambapo lugha ya darasani si ya nyumbani: mtoto mwenye ukimya teule wa kweli anaachwa miaka miwili, mitatu, kwa sababu kila mtu anasema "lugha bado haijamkaa".

Kuna njia ya kuwatofautisha, na haihitaji vifaa. Angalia anachofanya na lugha anayoijua. Mtoto aliye katika kipindi cha kawaida cha kimya akikutana shuleni na mwenzake wa lugha ya nyumbani, wataongea. Atacheza, atajibu kwa ishara bila shida, na siku zikienda maneno mapya yataanza kuchomoza. Mwenye ukimya teule hunyamaza shuleni kwa lugha zote mbili. Anaelewa maelekezo yote, anayatimiza, lakini hata kwa lugha ya mama yake hasemi akiwa pale. Mara nyingi mwili wake pia huwa umekaza. Na kimya chake hakipungui kadiri anavyoielewa lugha mpya. Wakati mwingine huongezeka.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Wasichana huonekana wengi kuliko wavulana katika tafiti nyingi, ingawa kwa tofauti isiyo kubwa. Dhana kwamba mtoto wa namna hii lazima kuna ubaya aliotendewa nyumbani haina msingi katika tafiti. Mtoto aliyenyamaza baada ya tukio la kutisha kwa kawaida hunyamaza ghafla na kila mahali, hata kwa watu wa nyumbani, na huyo anahitaji msaada wa aina nyingine, tena wa haraka. Kuhusu usonji, utafiti wa Gothenburg wa mwaka 2018 uliwaangalia watoto 97 wenye ukimya teule waliopelekwa kliniki na kukuta asilimia 63 wana usonji pia. Hao walikuwa watoto wa kliniki maalumu, kwa hiyo takwimu hiyo haiwezi kubandikwa kwa kila mtoto wa darasani. Inachosema ni kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na kukiona kimoja kusimzuie mtu kukitafuta cha pili.

Hesabu hii ikiingia shuleni

Chukua shule yenye watoto 280 katika madarasa yake matatu ya mwanzo. Kwa kipimo cha mmoja katika 140, tarajia watoto wawili. Kwa kipimo cha Gothenburg cha mwaka 1997, kile cha asilimia 0.18, huenda mmoja, huenda asiwepo. Kwa kipimo cha Finland, watano au sita. Ningekuwa msimamizi wa shule ningepanga mambo yangu kwa takwimu ya katikati, kwa sababu inatoka kwa walimu wanaowaona watoto kila siku na kwa vigezo vya kisasa. Mwalimu wa madarasa ya chini akifundisha miaka ishirini, haitakuwa ajabu akiwapata kadhaa. Hilo si jambo la nadra. Usonji wenyewe zamani ulidhaniwa nadra mpaka watu walipoanza kuutafuta.

Na gharama ya kutomwona si ndogo. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kuomba ruhusa ya kwenda msalani, kwa hiyo hujizuia siku nzima, au hanywi maji kabisa. Akiumia uwanjani hasemi. Akichokozwa hashtaki, na wachokozi huligundua hilo mapema kuliko walimu. Kisha huja mtihani wa kusoma kwa sauti. Anapewa sifuri, na sifuri hiyo inaingia kwenye rekodi kana kwamba hajui kusoma, wakati nyumbani anamsomea mdogo wake kitabu kizima. Hapa shule ina uwezo wa kufanya jambo jepesi mara moja: kumruhusu asome mbele ya mzazi, au alete sauti iliyorekodiwa nyumbani kwa ridhaa yake, na kumpa kadi au ishara ya kuomba msalani. Hayo hayamponyi. Yanazuia tu asiadhibiwe kwa hofu yake.

Kinachomwongezea hofu kinajulikana: kumsimamisha mbele ya wenzake mpaka aseme, kumwahidi zawadi akisema, kumnyima kitu mpaka atamke, na hata kumpigia makofi siku neno la kwanza linapotoka. Makofi huwa na nia njema, lakini yanageuza macho ya darasa zima yamwelekee yeye, na hicho ndicho alichokuwa anakiogopa. Kinachosaidia ni kumpunguzia maswali, kuzungumza karibu naye kuhusu anachokifanya bila kudai jibu, na kumwacha sekunde kadhaa za utulivu badala ya kumjibia.

Tiba yenyewe hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mtoto anacheza na mama au baba yake katika chumba cha darasa wakati wengine hawapo, mpaka anaongea naye pale kama anavyoongea nyumbani. Mtu wa pili, labda mwalimu, anakaa mlangoni akishughulika na kazi zake. Siku nyingine anasogea. Baadaye anaingia katika mchezo, mzazi anaanza kurudi nyuma, kisha analetwa rafiki mmoja. Nchini Norway watafiti walitumia njia ya namna hii, ikianzia nyumbani na kuendelea shuleni, kwa watoto wa miaka mitatu hadi tisa. Walipowatafuta watoto 30 miaka mitano baadaye, 21 walikuwa wamepona kabisa, watano walikuwa wamepata nafuu, na wanne walikuwa bado na hali ile.

Katika utafiti huo, walioanza tiba wakiwa wakubwa zaidi walipata matokeo hafifu zaidi. Linganisha hilo na ukweli kwamba dalili huanza kabla ya miaka mitano, wakati watoto wengi hufikishwa kwa mtaalamu wakiwa na miaka sita, saba, au zaidi. Mzazi anayeambiwa "subiri, ataacha mwenyewe" ana haki ya kuuliza: nisubiri mpaka tarehe gani? Mwezi wa kwanza wa shule ni wa kuzoea. Ikiwa muhula mzima umepita, mtoto anaielewa lugha ya darasani, nyumbani anaongea na shuleni hatamki kitu, muda wa kungoja umeshakwisha, na barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto au wa lugha na usemi inapaswa kuandikwa wiki hiyo.